Pongezi kwa Boniface Mganga

Huku Londiani mwongozaji wa kwaya tunamwita mwalimu wa kwaya. Huandika solfa ubaoni, hutoa sauti ya kwanza kwa mdomo maana kinanda hakipo, kisha humtuliza mwimba besi anayetaka kusikika peke yake. Watu huona mikono tu siku ya tamasha. Kazi yenyewe ilimalizika jioni za baridi, sauti moja moja.

Katika ukoo huo wa walimu, Boniface Mganga, mwana wa Taita, anastahili heshima ya pekee. Kwaya yake ya Muungano ilirekodi Missa Luba, misa iliyoandaliwa Kamina, Kongo, na padri Guido Haazen miaka ya 1950: maneno ya Kilatini, mwendo wa Kiafrika. Pamoja nayo wakarekodi nyimbo za asili za Kenya. Wapo waongozaji wanaojua Kilatini wakasahau ngoma ya kwao. Mganga alivishika vyote viwili, na kwangu hiyo ndiyo sifa yake kubwa.

Baadaye akawa mbunge wa Voi. Bungeni, nadhani, hakuna aliyengoja ishara ya mkono wake ndipo afungue kinywa.