Daraja la Mtandao Lililofungwa Vizuri

Ukifika ofisi ya ushirika wa korosho Masasi au Newala, ukaonyeshwa kompyuta moja ya Linux iliyobeba mashine pepe tatu, uliza kwanza mashine hizo zinatokaje nje. Wengi huziacha nyuma ya virbr0, mtandao wa ndani unaowekwa na libvirt yenyewe, wenye anwani za 192.168.122. Intaneti itapatikana, lakini karani wa chumba cha pili hataifikia seva ya hesabu kutoka mezani kwake. Fundi anayejua kazi huunda daraja, kwa kawaida br0, akaiunga humo kadi ya mtandao, na kila mashine pepe ikapewa anwani na ruta ileile inayogawia ofisi nzima.

Andika `ip addr`. Anwani ya IP iwe kwenye br0. Kadi yenyewe, tuseme eno1, isiwe na anwani yoyote. Zikiwa nayo zote mbili, aliyelifunga daraja alikuwa anabahatisha. Kisha andika `bridge link`: kadi na kila vnet, yaani kiunganishi cha mashine pepe, zisomeke `forwarding`.

Tazama na anwani za MAC. Za vnet huanza na fe, na hilo ni la makusudi: daraja lisilopangiwa MAC huchukua iliyo ndogo kuliko zote zilizounganishwa, na fe haiwezi kuishinda ya kadi. Hivyo mashine pepe ikiwashwa au ikizimwa, daraja halibadili MAC. Mimi humheshimu zaidi fundi anayeiandika kabisa MAC ya daraja kwenye mipangilio.

Huku kwetu kosa kubwa ni Wi-Fi. Ofisi nyingi hutumia ruta ya laini ya simu, na kompyuta hujiunga nayo bila waya. Kadi ya Wi-Fi iliyojiunga hivyo hutuma kwa MAC yake tu. Pakiti zenye MAC ya mashine pepe hukataliwa. Anayekuahidi daraja la namna hiyo mwambie alete kebo, maana ruta nyingi za aina hiyo zina tundu lake.

Mashine ikichelewa kupata anwani kila inapowashwa, angalia STP, itifaki ya kuzuia mizunguko kwenye mtandao: kwa `forward delay` ya sekunde 15, mlango husubiri mara mbili, jumla sekunde 30, kabla ya kupitisha kitu, na ombi la anwani (DHCP) huweza kuwa limeshakata tamaa. Kwenye ofisi yenye daraja moja na swichi moja, izimwe. Kama Docker nayo imo, kagua kanuni za iptables, kwani huweza kuangusha pakiti zinazovuka daraja.

Jaribio ninaloliamini kuliko yote ni la umeme kurudi. Daraja lililoundwa kwa amri za `ip link` peke yake hufutika kompyuta ikizimwa. Liandikwe kwenye Netplan au NetworkManager, na mashine pepe zipangwe kujiwasha. Zima kompyuta, iwashe, usiguse kitu, kisha piga ping kila mashine pepe kutoka kompyuta nyingine. Fanya hivyo Septemba, kabla minada ya korosho haijaanza.