Istilahi za Ushawishi: Upendeleo, Nanga na Mkumbo

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mfanyabiashara naye hujibu kwamba biashara ni matangazo. Baina ya kauli hizi mbili umezuka ujuzi wa kuandika matangazo kwa kutumia udhaifu wa fikra za mnunuzi. Ujuzi huo sasa unafasiriwa kwa Kiswahili, nasi yatupasa kuzipima istilahi zake, kwani baadhi yake, kwa maoni yetu, zinamtetea muuzaji.

Asili ya elimu hii si biashara. Mwaka 1974 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walichapisha makala iliyoonyesha kuwa binadamu, akadiriapo jambo asilo na hakika nalo, hukosea kwa namna inayojirudia. Baadhi ya wafasiri huiita hali hiyo "upendeleo". Hatukubaliani nao. Katika Kiswahili, upendeleo una anayependelea na anayependelewa. Hakimu au mwajiri hupendelea, naye kwa kawaida ajua atendalo. Mnunuzi aliyevutwa na tangazo hakumpendelea mtu. Fikra zake zimeinamia upande mmoja pasipo yeye kufahamu. Kusema ana upendeleo ni kumtia hatiani aliyenaswa. Twapendekeza "mwegemeo wa fikra", kutokana na kitenzi egemea.

"Nanga", kinyume chake, ni istilahi iliyofaulu. Katika jaribio mojawapo la makala hiyo, watu walizungushiwa gurudumu la namba, wakaulizwa kama asilimia ya nchi za Afrika katika Umoja wa Mataifa ilizidi namba iliyotokea au ilipungua, kisha wakatakiwa kuikadiria. Kwa waliotokewa na 10, kadirio la katikati lilikuwa 25. Kwa waliotokewa na 65, lilikuwa 45. Gurudumu halikuwa na habari yoyote ya Afrika, lakini liliwavuta. Chombo kilichotia nanga huyumba, ila hakivuki urefu wa kamba yake. Ndivyo ilivyo pia mwandishi wa tangazo aandikapo bei ya shilingi 50,000, akaikata kwa mstari, na kuandika 30,000 chini yake. Mnunuzi hupima unafuu kuanzia nanga ile, wala haulizi bidhaa yenyewe ina thamani gani.

Istilahi inayotutia shaka zaidi ni "uthibitisho wa kijamii". Robert Cialdini, katika kitabu chake cha mwaka 1984 kuhusu ushawishi, alieleza kuwa mtu asiye na hakika hutazama wenzake wanafanya nini. Wafasiri wamelihamisha jina la kanuni hiyo neno kwa neno. Lakini ni nini kilichothibitishwa? Tangazo lisemapo "maelfu wamekwisha kununua" halikuthibitisha ubora wa sabuni. Limetuarifu tu kuwa kuna umati, na huenda hata umati huo haupo. Kiswahili kina neno lake tangu zamani: mkumbo. Asemaye "kufuata mkumbo" ameeleza tendo na kuonya papo hapo.

Pengine atatokea wa kutupinga, akidai kuwa istilahi ya sayansi haifai kubeba lawama. Hoja hiyo ina uzito, maana mara nyingine wengi huwa wamesema kweli. Lakini kama lawama haifai, sifa nayo haifai, na "uthibitisho" ni sifa tupu.

Jambo hili si la wanaisimu peke yao. Ofisa atungaye kanuni za kumlinda mlaji, akiandika "upendeleo wa mlaji", ameanza kwa kumlaumu yule aliyekusudia kumlinda. Mwalimu naye, akifundisha kwamba umati ni uthibitisho, amempokonya mwanafunzi silaha kabla hajafika sokoni. Tunawaomba wasomaji watuletee maoni yao juu ya "mwegemeo wa fikra" na "mkumbo", ili istilahi hizi zijadiliwe kabla hazijasanifiwa.