Kumchora Baba Akiwa Mtoto

Kitabu cha Thi Bui, The Best We Could Do, kilichotoka 2017, kinaanzia hospitalini New York. Ni mwaka wa 2005. Thi anajifungua, na mama yake, aliyezaa mara sita, anashindwa kukaa chumbani. Anatoka nje. Basi swali la kitabu ndilo hilo: wazazi wangu walipitia nini kabla sijawajua?

Jibu la haraka ni historia. Mwaka wa 1978 familia hii ilitoroka Vietnam kwa mashua, mama akiwa na mimba kubwa. Mtoto akazaliwa kambini Malaysia, kisha wakaenda Marekani. Hadithi za wakimbizi tumezizoea, na nyingi huishia kwa shukrani na bendera. Bui hataki njia hiyo. Anachukua burashi, wino na rangi moja tu, ile ya tofali lililolowa mvua, anaipaka kitabu kizima. Saigon na California zinapata rangi ile ile. Mwanzoni nilidhani ni uvivu. Kufika katikati nikashika: kwa watu hawa, ya jana hayajakauka.

Kurasa zinazouma zaidi ni za baba. Kwenye nyumba yao San Diego anakaa akivuta sigara, watoto wakimwogopa. Ni rahisi sana kumchukia. Halafu Bui anamchora tena, safari hii akiwa mtoto mdogo kaskazini mwa Vietnam, amejificha shimoni wanajeshi wa Ufaransa wakivamia kijiji. Kumbe huyu mtu anayetisha watoto wake ni mtoto aliyetishwa, na hakuna aliyewahi kumwambia atoke shimoni.

Kusema "namwelewa baba" ni maneno tu. Kumchora akiwa mtoto ni kazi nyingine: lazima umkazie macho, uamue nyusi zinakaaje, mdomo unafunga vipi. Lakini Bui hamwachilii mzee hivi hivi. Sigara na hofu ya wale watoto vinabaki ukurasani. Kuelewa si kusamehe, na kitabu hakichanganyi hayo mawili.

Katikati ya michoro kuna picha halisi za familia zilizopigwa kambini. Ajabu ni kwamba zinasema kidogo kuliko michoro. Kamera iliona sura zao tu. Burashi ilikaa nao miaka.

Lawama yangu ni moja. Mkono uliomchora baba bila woga unalegea ukimfikia mama. Anachorwa kwa heshima mno, tunamwona kwa mbali. Labda ni kwa sababu Thi mwenyewe sasa ni mama, na kumchora mama yake ni kujichora.

Nilisoma kitabu hiki mwaka nilioacha chuo. Nilipompa mzee wangu habari, hakusema kitu. Alizima redio, akaenda kulala. Miaka yote hii nimeuita ukimya ule hasira. Siku hizi sina uhakika.

Wiki iliyopita nilichukua kalamu nikajaribu kumchora akiwa na umri wangu. Nilikwama kwenye nywele. Sijui alizinyoa vipi, wala alikuwa anaishi wapi, wala alikuwa anaogopa nini. Itabidi nimuulize.