Somo la Redio Hupimwa kwa Sikio: Mwongozo wa Kutambua Ufundishaji Bora wa Mawasiliano ya Analojia

Kozi ya mawasiliano ya analojia haipimwi kwa unene wa kitabu wala kwa wingi wa wanaofeli. Inapimwa kwa swali moja: mwanafunzi akisikia kasoro redioni, anaweza kuitaja, kuichora na kuipigia hesabu? Akiyaweza yote matatu, amefundishwa. Akiliweza la hesabu peke yake, amekaririshwa.

Gisenyi, mji wa Rwanda ulio mpakani na Kongo, ni mahali pazuri pa kuuliza swali hilo. Mji wenyewe hausifiki kwa vyuo vya uhandisi. Vijana wa huku wanaoichagua fani hii huenda Kigali, kwenye Chuo cha Sayansi na Teknolojia cha Chuo Kikuu cha Rwanda, kilichoirithi taasisi ya KIST ya mwaka 1997, na wapo wanaovuka mpaka kusoma Goma. Wakirudi likizo wanakuta maabara ambayo hakuna chuo kingeweza kuinunua: stesheni za nchi mbili zimebanana katika bendi moja ya FM, Ziwa Kivu liko wazi upande mmoja, volkano zimesimama upande wa pili, na juu ya yote Karisimbi, mita 4,507, ikiwa na antena za mawasiliano kileleni. Mji huu humfanyia mwanafunzi mtihani, na kupitia yeye humpima mwalimu wake.

Yafuatayo ni mambo ya kuangalia, kwa mzazi anayelipa ada, kwa kijana anayechagua chuo, na kwa mhadhiri kijana anayetaka kujua amesimama wapi.

Wiki ya kwanza: kwa nini tunapanda juu?

Karibu kila kozi hufungua na Fourier, na ni haki yake. Tofauti huonekana katika sababu anayopewa mwanafunzi. Mhadhiri mzuri huanza na shida: sauti ya mtu ina masafa ya kilohezi chache tu. Kwa kilohezi 3, wimbi la redio lina urefu wa kilomita 100, na antena ya robo ya wimbi ingehitaji kilomita 25. Antena hiyo ingeanzia ufukweni Gisenyi ikapita kilele cha volkano ya Nyiragongo. Ukiipandisha sauti hiyo hadi megahezi 100, robo ya wimbi inakuwa sentimita 75, na waya wa kutundika dirishani unatosha.

Baada ya hesabu hiyo, hakuna anayeuliza modulesheni ni ya kazi gani. Mahali ambapo wiki nne zimepita na mwanafunzi bado hajui kwa nini sauti inabebeshwa wimbi lingine, kozi imeanza kwa mguu mbaya, hata kama ubao umejaa integrali za kalkulasi.

Ubaoni: michoro miwili na bili ya umeme

Tazama ubao. Mwalimu anayeijua kazi yake huchora picha mbili kwa kila wimbi, moja ya wakati na moja ya masafa, na hairuhusu moja iende bila mwenzake. Wanafunzi wake wakichora AM, wanachora mawimbi yanayovimba na kusinyaa, kisha pembeni mstari mrefu wa wimbi bebaji na mikanda yake miwili, kushoto na kulia.

Kisha anaweka wati. Wimbi bebaji likiwa na wati 100 na modulesheni ikiwa kamili, mikanda miwili hugawana wati 50, yaani 25 kila mmoja. Theluthi mbili za nguvu yote zimekwenda kwenye wimbi ambalo halina neno hata moja ndani yake. Modulesheni ikishuka hadi asilimia 30, mikanda yote miwili inabaki na wati 4.5 tu. Hapo mwalimu mzuri hunyamaza na kuuliza: nani analipa umeme huo?

Mfano wa karibu upo. Kwa karibu nusu karne, Deutsche Welle ilirusha matangazo ya masafa mafupi kutoka kituo chake cha Kigali, hadi kilipofungwa Machi 2015. Mitambo ya namna hiyo hula umeme kwa kilowati mamia. Mwanafunzi akielewa theluthi mbili zinakwenda wapi, anaanza kuelewa pia kwa nini teknolojia hii iliwalemea wenye kuilipia.

Lakini mwalimu bora haishii kwenye lawama. Anaonyesha wimbi bebaji linanunua nini: urahisi wa mpokeaji. Kwa sababu lipo, redio ya mkulima inaweza kuitoa sauti kwa dayodi moja, kapasita moja na rezista moja. Gharama imebebwa na mrushaji mmoja ili wasikilizaji milioni wapone. Kozi inayofundisha hasara bila kufundisha faida imefundisha nusu.

Maabara: kapasita moja inatosha kumjua mwalimu

Ukiruhusiwa kuona zoezi moja tu la maabara, omba kuona lile la dayodi inayofuata kilele cha wimbi la AM. Ni sakiti ya vipande vitatu, na ndani yake mna kozi nzima.

Chukua masafa ya kati ya kilohezi 455, yaliyozoeleka katika redio za AM. Mzunguko mmoja wa wimbi hilo huchukua maikrosekunde 2.2 hivi. Sauti ya juu kabisa, tuseme kilohezi 5, ina mzunguko wa maikrosekunde 200. Kapasita inatakiwa itoe chaji polepole kuliko wimbi bebaji, lakini upesi kuliko sauti. Kwa modulesheni ya asilimia 70, hesabu inaweka kikomo cha juu cha muda huo wa kutoa chaji, yaani rezista mara kapasita, karibu maikrosekunde 32.

Sasa weka rezista ya kiloomu 10. Kwa kapasita ya nanofaradi 2.2 unapata maikrosekunde 22, na sauti inatoka safi. Weka pikofaradi 100: maikrosekunde 1, na kwenye osiloskopu mstari wa sauti unaota meno ya msumeno, kwani wimbi bebaji limepita bila kuchujwa. Weka nanofaradi 100: maikrosekunde 1,000. Hapa ndipo penye utamu. Kapasita inashindwa kushuka pamoja na wimbi, mteremko unakatwa kwa mstari wa kukingama, na spika inatoa sauti nzito iliyovunjika, hasa pale msemaji anapopaza.

Mwalimu wa kawaida huwapa wanafunzi kapasita sahihi na karatasi ya kujaza. Mwalimu bora huwapa zote tatu bila kuwaambia ipi ni ipi, kisha huwaambia wafumbe macho na wasikilize kabla hawajawasha osiloskopu. Mwanafunzi aliyeisikia ile sauti iliyokatika hatasahau kikomo cha maikrosekunde 32 maisha yake yote.

Angalia pia nyaya zinaishia wapi. Maabara yenye nidhamu haiunganishi mtambo wa kurushia kwenye antena hovyo. Huumaliza kwenye rezista ya kubeba mzigo, au huupeleka kwa kebo hadi kwa mpokeaji kupitia kipunguza nguvu. Mpakani jambo hili lina uzito maradufu. Masafa ya upande huu yanasimamiwa na mamlaka ya RURA na ya upande ule na mamlaka ya ARPTC, na wimbi halisimami kuonyesha kitambulisho.

FM: kanuni yenye jina la mpinzani

Kwenye FM ndiko walimu wengi huteleza, kwa sababu hesabu zake zinatisha na kanuni yake ni fupi mno. Mkengeuko wa kilohezi 75, jumlisha sauti ya kilohezi 15, zidisha kwa mbili: kilohezi 180. Mwanafunzi anaandika jibu, anapata alama, anasonga mbele bila kuona kitu.

Kipimo cha ubora ni kama amewahi kuliona wimbi bebaji likitoweka. Zoezi ni rahisi: peleka toni ya kilohezi 5 kwenye mtambo mdogo wa FM, tazama spektra kwenye kompyuta kwa kutumia kile kipokezi kidogo cha kuchomeka kwenye USB, kisha pandisha nguvu ya toni polepole. Mstari wa katikati unapungua, unapungua, halafu unazama kabisa. Hapo kielezo cha modulesheni kimefika karibu 2.4, na mkengeuko ni kilohezi 12. Jedwali la Bessel lililokuwa la kukariri sasa limekuwa kipimo mkononi mwa mwanafunzi.

Mwalimu mwenye historia ataongeza jambo. Mwaka 1922 John Carson alionyesha kwa hesabu kwamba FM haiwezi kubana upana wa masafa kuliko AM, na akaona haina faida. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Edwin Armstrong, yule yule aliyekwisha kuipa dunia redio ya superheterodaini, aligeuza swali: badala ya kubana, atanue. Hataza zake za mwaka 1933 zilionyesha kwamba ukikubali kulipa kwa upana, unalipwa kwa utulivu. Kanuni ya upana imebaki na jina la Carson hadi leo. Kozi inayotaja kanuni bila kutaja biashara hiyo, upana kwa utulivu, imeacha kiini chake nje.

Kelele na mpaka

Sura ya kelele ndiyo inayokatwa muhula unapokuwa mfupi, na ndiyo inayotenganisha kozi nzuri na ya kuridhisha tu. Gisenyi inaifundisha bure. Tembea na redio mahali ambapo stesheni mbili zimegongana kwenye masafa mamoja: kwenye FM hazichanganyiki. Moja inaongea, unapiga hatua chache, ghafla nyingine imeiteka nafasi yote. Mpokeaji wa FM humfuata mwenye nguvu na kumzima dhaifu.

Muulize mwanafunzi: ikiwa FM ni tulivu namna hii, kwa nini marubani bado wanaongea kwa AM, kati ya megahezi 118 na 137? Aliyefundishwa vizuri atajibu kwamba angani utekaji huo ni hatari. Marubani wawili wakiongea kwa pamoja, ni lazima mwongozaji ndege asikie mluzi wa kugongana na ajue kuna mtu wa pili. Kwenye FM huenda yule dhaifu asingesikika kabisa.

Halafu umpe redio mbili, moja ya soko la Afrika au Ulaya na nyingine ya soko la Marekani, zikiwa kwenye stesheni moja. Kelele ya FM huongezeka kadiri masafa ya sauti yanavyopanda, kwa hiyo mrushaji huzidisha sauti nyembamba na mpokeaji huzirudisha chini. Huku kwetu kipimo ni maikrosekunde 50, Marekani ni 75. Redio ya Kimarekani itasikika imefifia kidogo kwenye herufi za s na sh. Sikio lililofundishwa linalishika hilo. Lisilofundishwa litasema redio ni mbovu.

Karatasi ya mtihani

Omba mitihani ya miaka miwili mfululizo. Ikiwa maswali ni yale yale na tarakimu ndizo zimebadilishwa, funga faili. Swali zuri lina mahali na lina mtego. Kwa mfano: antena iko mita 100 juu ya maji ya Kivu, na mvuvi wa sambaza ana redio yenye antena mita 1 juu ya maji. Atasikia hadi umbali gani? Hesabu ya upeo wa redio inatoa kilomita 45 hivi. Kisha mtego: je, akiwa amejificha nyuma ya kisiwa cha Idjwi? Anayejibu kwa kanuni peke yake ananaswa hapo.

Au hili: redio ya FM yenye masafa ya kati ya megahezi 10.7 imewekwa kwenye 98.0, na osileta yake iko juu ya stesheni. Masafa gani mengine yanaweza kupenya? Osileta iko 108.7, kwa hiyo kivuli kiko 119.4, ndani ya bendi ya marubani. Mwanafunzi anayeishia kwenye tarakimu apewe alama nusu. Anayesema ni nani anaongea huko, na kichujio cha kumzuia kiwekwe wapi, apewe zote.

Dalili zinazodanganya

Usihadaike na makabati ya vifaa vya bei kali ambamo kila sakiti imekwisha kufungwa, na kazi ya mwanafunzi ni kuchomeka waya wa rangi kwenye tundu la rangi. Usihadaike na programu za uigaji zikiwa peke yake. Kelele ya kwenye kompyuta ni ya adabu, ya kweli haina adabu. Na usikubali kauli kwamba somo limepitwa na wakati kwa vile Rwanda ilizima televisheni ya analojia mwaka 2014. FM bado inaongea kila kijiji, na simu yako ya kidijitali bado inapandisha data zake kwa kuzizidisha na wimbi bebaji, kazi ile ile ya modulesheni.

Ukikosa muda wa hayo yote, chukua njia ya mkato. Mkute mwanafunzi wa mwaka wa tatu akiwa likizo, mkabidhi redio mbovu na bisibisi, umuulize ataanza wapi. Akianza kusikiliza, mpeleke mdogo wake chuo hicho hicho. Akianza kutafuta daftari, tafuta chuo kingine.