Malkia wa Mangbetu ku dote ya mdogo wangu

Wandugu balisensié, mutanisamehe. Mumezoea nikiandika hapa juu ya mahindi, mbolea na viwavi. Leo ninaandika juu ya makiyaje. Mwenye kuuliza agronomu anatafuta nini mu pudra na rangi ya midomo, asome mpaka pale miti inafika.

Mwezi uliopita nilitoka Mitwaba nikashuka Lubumbashi kwa dote ya mdogo wangu. Makiyeze alifika mapema, jua halijatoka, na sanduku lake la rangi na foto moja mu telefone. Mwanamke anatazama upande, kichwa kirefu kimezungushiwa kamba nyembambanyembamba, nywele zimesimama nyuma na kufunguka sawa sahani. "Njo malkia wa Kongo," akasema. Jina lake hakulijua. Kama munatembeaka ku ndoa za mji huu, ile foto mumeiona: iko mu salo za nywele, iko ku vitenge, iko ku kuta za baa.

Jina lake ni Nobosudru, bibi wa chifu Ekibondo, Mmangbetu wa Uele, kule kaskazini-mashariki ya nchi yetu. Mwaka 1925 magari ya Citroën yalipita kwake. Ilikuwa safari ile Wafaransa waliita Croisière noire, na Georges Specht akamupiga foto. Mwaka 1926 filamu ya Léon Poirier ilitoka, na kichwa kile cha upande kikawa tangazo lake. Mchongaji François Bazin akakigeuza kuwa pambo la chuma la kuweka mbele ya gari. Mwaka 1927 Aaron Douglas akakichora ku jalada la gazeti Opportunity kule New York. Mwaka 2020 Beyoncé akavaa nywele za mtindo ule mu Black Is King. Kiisha ikafika ku kiti cha plastiki mu lupango ya baba yangu.

Niseme kwanza yaliyo mazuri, juu kazi ile haikuwa ya kubahatisha. Makiyeze alielewa mustari. Wamangbetu wakubwa walifunga vichwa vya watoto wachanga ili virefuke, na nywele zilifuata njia ileile, kwenda nyuma na juu. Yeye alivuta wanja toka pembe ya jicho mpaka karibu na sikio, akainua nyusi kidogo, akaacha mashavu bila kelele. Ukimutazama mdogo wangu kwa upande, jicho lako linaanza ku kidevu na halisimami mpaka mwisho wa zile nywele. Nimeona waliosoma kuchora wakishindwa kufanya hivyo.

Shida ilianza wakati mdogo wangu aligeuka kututazama.

Foto ile inaonyesha upande tu. Kwa uso wa mbele makiyeze hakuwa na wa kumufuata, akafuata ile anafanya kila jumamosi: fondeten ya rangi mbili juu ya ngozi ya mwenyewe, pua kukatwa nyembamba na mistari miwili ya kahawia, pudra ya kung'aa ku paji. Taji limetoka Uele, ngozi imetoka ku duka. Na hapa sitanii, juu mdogo wangu alikuwa ameanza mafuta ya kujichubua miezi mitatu mbele ya dote, "ili foto itoke muzuri". Shingo ilimuunguza, ikaota vipele. Sehemu kubwa ya asubuhi ile ilipita mu kuficha vipele. Hakuna aliyemulazimisha. Lakini kila mufano wa bibi-arusi aliyeonyeshwa ulikuwa mweupe kuliko yeye, hata ule wa "malkia".

Njo maana ninataka turudi ku picha ya mfalme mwenyewe. Mwaka 1870, miaka 55 mbele ya Citroën, Georg Schweinfurth alifika kwa mfalme wa Wamangbetu, Mbunza, ile yeye anaandika Munza. Schweinfurth alikuwa mutu wa mimea, mwenzetu kwa namna fulani. Alimuchora mfalme ameketi na mavazi yake yote, na akaandika ginsi mwili mzima ulipakwa unga wa mti mwekundu uliochanganywa na mafuta, mpaka ngozi ikawa nyekundu sawa kuta za zamani za Pompei. Kwa wanawake aliona kitu kingine: michoro myeusi mwilini, nyota, misalaba, mistari, iliyopakwa kwa maji ya tunda la jamii ya gardenia. Maji ya matunda ya namna hiyo yanatoka karibu bila rangi, kiisha yanageuka meusi ku ngozi na kukaa siku kadhaa. Herbert Lang, aliyepiga foto kule kati ya 1909 na 1915, alikuta michoro hiyo ingali inafanywa.

Basi makiyaje ya kifalme ya Wamangbetu iliongeza wekundu na weusi. Haikumupunguza mutu rangi yake. Makiyeze wetu alichukua nywele za picha, akaacha rangi ya picha, na rangi njo ilikuwa nusu ya ufalme wenyewe.

Kiisha kulikuwa ile duara nyeupe. Alimuwekea mdogo wangu duara nyeupe mu kati ya paji, na nukta kufuata nyusi. Nkambo wetu, ambaye macho yake hayaoni sana, akasogeza uso karibu, akaigusa na kidole. "Ile ni mpande. Nani amemutawaza?" Batu bote bakacheka. Mimi sikucheka. Mpande ni kipande cha duara cha konokono ya Bahari ya Hindi, alama ya machifu huku kwetu Katanga. Ilitembea miezi toka pwani ku mabega ya watu. Livingstone, mwaka 1854 mu nchi ya Walunda, aliandika kwamba konokono mbili za namna ile zingeweza kununua mtumwa mmoja. Unaweza kuichora kwa bibi-arusi, sikatazi. Lakini ujue unachora nini, na bei yake ilikuwa nani.

Na swali lingine linanisumbua zaidi: juu ya nini tunaenda mpaka Uele? Waluba Shankadi, majirani zetu, wanawake wao walisuka nywele za ngazi-ngazi, zinashuka nyuma sawa maji ya maporomoko. Ilikuwa kazi ndefu sana, na mwanamke alilalia musamo, ile kiti kidogo cha shingo, ili isiharibike. Fundi mmoja wa karne ya 19, jina lake limepotea, alichonga wanawake wenye nywele hizo ku misamo, na leo wenye kusoma sanaa wanamuita Fundi wa Nywele za Maporomoko. Kazi zake ziko mu makumbusho ya Ulaya na Marekani. Hakuna gari la Citroën lililopita kuzitangaza. Makiyeze hakuwa na foto yake, njo yote.

Sasa miti. Ule unga mwekundu, huku tunauita nkula, na mti wetu wa kuutoa ni mukula, Pterocarpus tinctorius. Mumeona ninyi wenyewe malori miaka ya 2016 na 2017, magogo yanapita Kasumbalesa kwenda China. Mwaka 2019 mti uliingizwa ku orodha ya CITES. Unakomaa polepole sana. Kwa hiyo mwenye kutaka kupaka rangi ya mfalme leo atatafuta.

Mimi nimetafuta. Nilimuuliza makiyeze kama anaweza kujaribu nkula na mafuta ya ngazi kidogo ku mashavu na mabega, bila fondeten. Hakukasirika. Akasema: "Uniletee, dada. Lakini isichafue kitenge ya batu." Nimepata kipande cha mti kwa mama mmoja huku Mitwaba, ukubwa wa kidole gumba, na ninakisugua ku jiwe kila jioni. Nimejaribu ku mkono wangu: inashika vizuri, inanukia mbao, na kweli, inachafua. Dote ya binti wa shangazi ni mwezi wa nane.