Kielezi "amicably" na Tafsiri Yake ya "kirafiki"

Kielezi cha Kiingereza "amicably" aghalabu hutafsiriwa "kirafiki". Tafsiri hiyo ina sababu, kwani neno hilo latokana na Kilatini "amicus", yaani rafiki. Lakini asili ya neno si matumizi yake. Waingereza hulitumia zaidi kueleza jinsi shauri, ubia au ndoa ilivyomalizika pasipo ugomvi. Wahusika si lazima wawe marafiki. Mara nyingi neno huhitajika kwa kuwa si marafiki.

"Kirafiki" limeundwa kwa ki- ya namna, kama "kiungwana" na "kitoto". Hueleza mwenendo, na mtu mmoja atosha kuwa nao: "alimkaribisha kirafiki" ni sentensi sahihi hata kama mgeni alinuna. Kadhalika, mechi huitwa ya kirafiki kwa kuwa hakuna kombe linalogombewa; shauri la shamba lina kinachogombewa. "Kwa bashasha" na "kwa moyo mkunjufu" nayo husimulia uso na moyo, wala si hatima ya shauri.

Kiswahili hakikosi njia. Mume na mke "huachana kwa wema": hapo hutajwa matendo, si mapenzi. Wagomvi "hupatana", "husikizana", au humaliza jambo lao "kwa maridhiano". Kauli ya kutendana, -an-, ndiyo ibebayo uzito, kwa kuwa haikubali upande mmoja kuridhia peke yake. Hivyo kielezi cha Kiingereza huweza kuwa kitenzi katika Kiswahili bila kupoteza maana.

Tofauti hii si ya kamusini tu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Eldoret na viunga vyake vilikumbwa na machafuko. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa liliteketezwa pamoja na watu waliokimbilia humo. Mkataba wa kisiasa ulitiwa sahihi Nairobi tarehe 28 Februari 2008. Kuandika kwamba majirani wa pande hizo walirudi kuishi pamoja "kirafiki" ni kuwabandika hisia ambazo huenda hawanazo. "Kwa maridhiano" hudai machache zaidi: kwamba kila upande umekubali.

Tena, Ibara ya 159 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yaelekeza mahakama kukuza upatanisho, usuluhishi na njia za jadi za kutatua migogoro. Mdai aambiwaye amalize kesi "kirafiki" aweza kudhani anatakiwa kuiacha haki yake kwa ajili ya urafiki.

Yafaa basi "kirafiki" libaki kwa mapokezi, mazungumzo na michezo. Palipo na mgogoro, "kwa maridhiano" au kitenzi "kupatana" ndiyo tafsiri. Na watu wakitengana bila kugombana, "kwa wema" latosha.