Riwaya Inapopanda Jukwaani

Katika riwaya ya kuchekesha, mara nyingi mchekeshaji mkuu ni msimulizi. Wahusika wanahangaika na mambo yao kwa dhati kabisa. Yeye yuko pembeni, anatunong'oneza. Riwaya hiyo ikigeuzwa tamthiliya, mtu wa kwanza kubaki nje ya ukumbi ni huyo huyo msimulizi. Sasa nani atachekesha?

Stephen Briggs wa Uingereza alilikabili swali hilo mwaka 1991, alipoigeuza tamthiliya Wyrd Sisters, riwaya ya Terry Pratchett iliyotoka 1988, ili ichezwe na waigizaji wa ridhaa wa mji wa Abingdon. Ukumbi wao, Unicorn, ni mdogo, umo ndani ya majengo ya abasia ya kale. Dunia ya Pratchett ni bapa, imebebwa na ndovu wanne waliosimama mgongoni mwa kasa anayeogelea angani. Kasa huyo hatoshi Unicorn. Wanaotosha ni wachawi watatu, mzuka wa mfalme, na Felmet, aliyemwua mfalme akanyakua kiti, sasa anasugua mikono wala damu haitoki.

Waliosoma Makbeth, tafsiri ya S. S. Mushi ya 1968, wanajua hadithi hii imechipuka wapi. Pratchett aliwapa wachawi nafasi ya kusikilizwa. Felmet anawakodi waigizaji watunge mchezo wa kuwachafulia wachawi jina. Usiku wa onyesho wachawi wanafanya uganga wao, na vinywa vya waigizaji vinatoa ukweli wa mauaji. Kitabuni tunasoma habari za hadhira iliyoyashuhudia hayo. Ukumbini hadhira ni sisi: tumekalia viti vya raia wa ufalme ule, tunalishwa uongo, mara ukweli unatuzukia usoni. Hapo jukwaa linatoa kitu ambacho kurasa haziwezi kutoa, na mgeuzaji hodari huiona nafasi hiyo mapema, akayapanga matukio yote yaelekee huko.

Tumtazame Mauti, ambaye naye ni mhusika. Pratchett humwandikia maneno yake kwa herufi kubwa, bila alama za kunukuu, na msomaji huisikia sauti nzito kichwani mwake. Mwigizaji hana herufi kubwa. Ana kifua, ana pumzi, ana uwezo wa kunyamaza. Katika onyesho lile Mauti mwenyewe anajikuta jukwaani na kushikwa na kiwewe mbele ya watu. Mwandishi hulazimika kutueleza kiwewe hicho. Mwigizaji mrefu mwenye joho jeusi anahitaji tu kutugeukia na kuganda. Ucheshi wa msimulizi haukupotea, umehamia mwilini.

Ili uhamie, lazima mengine yakatwe, na hapa ndipo ninapomvulia kofia mgeuzaji. Tanbihi za Pratchett ni tamu zenyewe kwa zenyewe. Kufuta utani dhaifu ni kazi ya mhariri yeyote. Kuufuta utani mzuri kwa kuwa unachelewesha tukio kunahitaji jicho na moyo wa mtu wa jukwaa. Briggs alikuwa na vyote viwili, akaendelea na riwaya nyingine za Pratchett, Mort na Guards! Guards!, na maandishi yake yakachezwa na vikundi vya ridhaa katika nchi nyingi. Tuache basi kumwita mgeuzaji mfupishaji. Ni mwandishi kamili, ambaye nusu ya sentensi zake anawaachia waigizaji wazikamilishe, kwa sababu anawaamini.